Bulabo, Bagamoyo, Makunduchi: sanaa inaweza kuinua miji yetu midogo, ila tamasha la siku tatu peke yake halitoshi

Mwana wa Kisesa (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Siku hizi kila wilaya inataka tamasha lake. Mabango yanabandikwa, jukwaa linakodiwa kutoka jijini, msanii wa Bongo Fleva analipwa, mgeni rasmi anakata utepe. Siku ya nne jukwaa linapakiwa kwenye lori na mji unabaki kama ulivyokuwa. Wauza mishikaki na bodaboda wamepata chochote, nami sidharau riziki ya mtu, lakini pesa kubwa imepanda lori pamoja na spika. Baada ya hapo tunaambiwa utamaduni haulipi.

Mimi ni mtu wa Kisesa, nje kidogo ya Mwanza ukishika barabara ya Musoma. Pale jirani ndipo ilipo Bujora. Padri David Clement, Mkanada wa shirika la White Fathers, alifika huko miaka ya 1950, na badala ya kuwakataza watu ngoma zao akaziingiza uwanjani mwa kanisa. Kanisa lenyewe lilijengwa kwa umbo la nyumba ya mtemi. Makumbusho ya Wasukuma yakafunguliwa mwaka 1968, na jengo linalotunza ngoma na vifaa vya watemi likapewa umbo la kiti cha enzi. Hadi leo, inapofika sikukuu ya Ekaristi, kwa kawaida mwezi wa sita, pale kuna Bulabo, sherehe ya mashindano ya ngoma.

Kwa ambaye hajawahi kufika, nieleze mashindano yanavyokwenda, kwa sababu hoja yangu yote imo humo. Wacheza ngoma wa Kisukuma wamegawanyika pande mbili tangu zamani, Bagika na Bagalu. Vikundi viwili, kimoja cha kila upande, vinaingia uwanja mmoja kwa wakati mmoja na kila kimoja kinachora duara lake. Hakuna meza ya majaji wala karatasi ya alama. Watazamaji wako huru kutembea, na kundi lililovuta watu wengi ndilo lililoshinda. Kwa hiyo utaona umati umejaa upande huu, mara upande wa pili wamemtoa chatu ndani ya kikapu, mchezaji amejizungushia shingoni, na watoto wanatimka kwenda kushuhudia, wakina mama nyuma yao wamebeba viti. Manju, yaani kiongozi na mtunzi wa ngoma, wa upande uliokimbiwa hana muda wa kununa. Lazima atunge papo hapo, abadili mdundo, awaite wenye majembe waingie. Bugobogobo, ngoma ya majembe, ikishika moto, safu ya wapiga ngoma wamekaza, njuga miguuni, majembe yanarushwa juu na kudakwa kwa pamoja, umati unarudi. Mtazamaji anayehama duara anakuwa amepiga kura kwa miguu yake, na bibi wa miaka themanini ana kura sawa na mkuu wa wilaya.

Sasa angalieni kinachobeba jambo hili. Msimu ni wa baada ya mavuno, watu wana nafasi na wana chakula. Ushindani ni wao wenyewe, ulikuwepo kabla ya makumbusho na kabla ya Uhuru. Mgeni kutoka Ulaya akija, karibu sana, asipokuja ngoma inapigwa vilevile. Ndiyo maana imedumu miaka yote hii wakati matamasha mengi ya mradi yamezikwa pamoja na mfadhili.

Lakini kuna upande unaoniuma. Watu wakishatawanyika, Kisesa kama mji inabaki na nini? Kijana aliyecheza na chatu anarudi kwenye bodaboda. Anayejua kuchonga mzinga wa ngoma na kuwamba ngozi ni mzee, na watoto wake hawaoni kwa nini wajifunze kazi inayotafutwa mara moja kwa mwaka. Ukumbi tunao, historia tunayo, wachezaji tunao. Tunachokosa ni kazi ya mwezi wa pili na wa kumi na moja.

Nataka tujadili hilo. Miji midogo ambayo sanaa imeishikilia kweli ilifanya nini katika miezi isiyo na sherehe?

---

Kinu cha Mpunga

Mleta mada umeandika vizuri, ila mimi napingana nawe. Wilayani kwetu zahanati haina dawa na barabara inakatika kila masika. Vijana hawakimbii kwa kukosa ngoma, wanakimbia kwa kukosa ajira. Huwezi kumwambia mwenye njaa acheze. Kwanza maji, umeme na barabara, sanaa itakuja yenyewe.

---

Mwana wa Kisesa

Mkuu Kinu, maji na barabara sipingi hata kidogo. Lakini iangalie miji iliyokwisha kupata hivyo vyote. Umeme umefika, lami imefika, na kijana anaitumia lami hiyohiyo kwenda Mwanza au Dar asirudi. Barabara inaleta na inapeleka. Lazima mjini pawe na kitu ambacho hakipatikani kwingine, la sivyo lami inakuwa njia ya kuondokea. Kuhusu mwenye njaa, bugobogobo ni ngoma ya kulimia. Watu walilima pamoja huku ngoma ikipigwa na shamba likaisha. Kwetu sanaa haikuwahi kungoja shibe.

---

Fundi wa Dunda

Wakuu, niongee kuhusu Bagamoyo, maana naishi na kufanya kazi hapa.

Mji huu ulishawahi kufa. Ulikuwa mwisho wa njia ya misafara, pembe za ndovu na watumwa kutoka bara vilipita hapa, na Wajerumani wakaufanya makao makuu yao. Mwaka 1891 wakahamia Dar es Salaam. Bandari ya Dar ikakua, reli ikaanzia kule, na Bagamoyo ikabaki na magofu, uvuvi na minazi. Wazee wetu walikulia kwenye mji ambao kila mwenye elimu alikuwa anauhama.

Kilichobadili hali, kwa maoni yangu, ni Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981. Mnakijua zaidi kwa tamasha lake. Sisi wa hapa tunakijua kwa wanafunzi. Wanakuja kutoka kila mkoa, wanapanga vyumba mitaani, wanakula kwa mama ntilie, wanashona mavazi ya jukwaani kwa mafundi cherehani wetu, na wanahitaji ngoma za kujifunzia mwaka mzima. Hapo ndipo sisi mafundi tulipopata nafasi ya kuishi. Ukumbi wa zamani uliungua mwaka 2002, ilikuwa huzuni kubwa, lakini masomo hayakukoma na ukumbi mwingine mkubwa ukajengwa. Mwaka 2007 chuo kikawa wakala wa serikali, ndiyo TaSUBa ya sasa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo.

Na chuo kilileta watu waliobaki. Hukwe Zawose alikuwa Mgogo wa Dodoma, si mtu wa pwani. Alikuja na zeze na ilimba (marimba ya mkono) zake, akafundisha hapa, akajenga, akazeeka na kufariki hapa mwaka 2003. Ukoo wake bado unapiga muziki. Mtoto anayekua mtaa huu leo anaweza kusikia ilimba ya Kigogo na ngoma za Wazaramo na Wakwere jioni hiyohiyo bila kulipa nauli.

Mleta mada umeuliza kuhusu kazi ya miezi isiyo na sherehe. Ngoma moja si kazi ya siku moja. Gogo lazima likauke kivulini, ukiliharakisha linapasuka. Unachimba ndani kwa tezo na patasi hadi ukuta ulingane pande zote, maana ukizidi upande mmoja sauti inakuwa butu. Ngozi inalowekwa, inawambwa ikiwa mbichi, vigingi vinagongwa kwa kuzunguka, huku kidogo na kule kidogo, kisha inaachwa ikauke kabla ya kunyolewa manyoya. Mwanafunzi akija kununua anaipasha kwenye moto wa makuti, anapiga, anasikiliza, anaipasha tena. Akisema haijalia, unarudi kwenye vigingi. Kazi ya namna hii ikiwa na wateja kumi na wawili wa uhakika kwa mwaka inamlisha mtu na mwanafunzi wake. Ikiwa na wateja mia kwa wiki moja na sifuri wiki zilizobaki, inamshinda. Sisi tunaomba shule zinunue ngoma, wala hatuombi jukwaa.

---

Bi Mkunguni

Assalaam alaykum. Naungana na kaka wa Kisesa pale aliposema mgeni asipokuja ngoma inapigwa vilevile.

Kwetu Makunduchi, Unguja, kila Julai kuna Mwaka Kogwa, sherehe yetu ya mwaka mpya. Wanaume wa pande mbili wanapigana kwa migomba, wanamaliza chuki za mwaka uliopita. Kibanda cha makuti kinatiwa moto, na mtu aliyekuwa ndani anachomoka mbio. Sisi wanawake tumevaa nguo mpya, tunazunguka tunaimba. Watalii wanajaa na kamera zao, lakini wanaotufurahisha zaidi ni watoto wetu waliohamia Mjini, Dar na Maskati. Mtu atakosa sherehe zote, Mwaka Kogwa atarudi. Na akirudi haji mikono mitupu. Anaezeka upya nyumba ya mama yake, anamalizia ukuta alioanza mwaka juzi, analipa fundi.

Kwa hiyo nyinyi wa bara mkipanga matamasha, msimwangalie mzungu peke yake. Mwenyeji aliyehama ndiye mgeni wa maana, maana yeye ana kiwanja huko.

Naomba niongeze jambo moja kwa uchungu. Matamasha mengi ya siku hizi yanawaita kinamama wacheze dakika tano za kumkaribisha mgeni rasmi juani, wanapewa kanga na maji ya chupa, na jioni jukwaa ni la wasanii wa kulipwa. Bibi aliyehifadhi nyimbo miaka hamsini anapewa kanga! Msanii ni yeye. Alipwe kama msanii.

---

Kinu cha Mpunga

Dada Mkunguni, hilo la kanga nimeliona kwa macho yangu wilayani kwetu. Hapo nakubali bila ubishi.

---

Mutumia wa Yatta

Habari za Tanzania. Mimi ni Mkamba wa Machakos, Kenya, nyumbani ni karibu na Wamunyu, na kisa chetu kinaanzia kwenu.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, mtu wa Wamunyu aitwaye Mutisya Munge alipelekwa Tanganyika na jeshi la Waingereza. Huko aliwaona wachongaji, akajifunza. Aliporudi nyumbani alianza kuchonga, akafundisha jamaa, jamaa wakafundisha majirani. Eneo letu ni kame, mvua ikikosa hakuna mahindi. Uchongaji ukawa ndio mazao yasiyotegemea mvua. Karo za watu wengi sana zimelipwa na twiga wa mbao. Wengine walihamia Mombasa, wakaunda ushirika pale Changamwe mwaka 1963, na hadi leo fundi akiingia pale kuna utaratibu: kila kazi ina namba ya aliyeichonga, ikiuzwa yeye ndiye analipwa.

Lakini nawaonya kuhusu mambo mawili. La kwanza ni mti. Tulichonga mpingo na muhugu kama kwamba msitu hauna mwisho. Ukaisha. Bei ikapanda, fundi akafuata mti mbali zaidi, hatimaye wengi wakageukia mwarobaini, ambao unakua haraka na umejaa pwani. Ni mti mzuri, lakini tungepanda mapema tusingeteseka. Mji ukitaka kuishi kwa sanaa lazima uwe na shamba la miti yake, na fundi wa Dunda nadhani ananielewa.

La pili ni kufanana. Mteja wa nje alipenda twiga, basi kila mtu akachonga twiga, meza nzima twiga, barabara nzima twiga. Bei ikaanguka kwa sababu hakuna aliyekuwa na kitu chake. Linganisha na Tabaka kule Kisii, ambako jiwe la sabuni linachimbwa na kuchongwa na karibu kila boma. Wao pia wanasumbuliwa na madalali na sahani zinazofanana, lakini kwa Wagusii hao alitoka Elkana Ong'esa, ambaye sanamu yake ya ndege wa amani imesimama makao makuu ya UNESCO, Paris. Mchongaji mmoja aliyethubutu kufanya chake anavuta macho ya dunia kwa kijiji kizima. Kwa hiyo mkifundisha vijana, wafundisheni kubuni, si kunakili tu.

---

Fundi wa Dunda

Dada, umesema kweli kabisa kuhusu mti. Hapa tunatumia mikorosho mizee na miembe inayokatwa kwa sababu nyingine, maana mninga haushikiki kwa bei. Na Kilwa wapo wanavijiji wanaomiliki misitu yao na kuvuna mpingo kwa mpango, wakapata hata cheti cha kimataifa mwaka 2009. Mpingo wao unatafutwa na watengeneza klarineti wa Ulaya. Sisi wachongaji wa ndani tunapaswa kuingia kwenye mipango hiyo kama wanunuzi wa mabaki na vipande, sijaona ikizungumzwa vya kutosha.

---

Msomi wa Theluji

Wakuu, nipo Japani kimasomo, mkoa wa Niigata. Niwape mfano wa huku.

Kuna eneo la milima linaitwa Echigo-Tsumari, kama kilomita za mraba 760, theluji inafika paa la nyumba. Vijana walihamia Tokyo, shule zikafungwa kwa kukosa watoto, wazee wakabaki na mashamba ya mpunga ya ngazi. Mwaka 2000 wakaanza maonyesho ya sanaa ya kila miaka mitatu chini ya mtu anaitwa Kitagawa Fram. Wenyeji hawakumpokea kwa shangwe. Ilibidi aende mikutano mingi sana ya vijiji, anaulizwa sanaa ya kisasa inawahusu nini wakulima wa mpunga. Alichofanya ni kuweka kazi za wasanii ndani ya mashamba, ndani ya nyumba zilizohamwa na shule zilizofungwa. Ili uzione lazima uzunguke kijiji kwa kijiji, ulale, ule.

Kuna nyumba moja ya kuezekwa kwa nyasi ya mwaka 1924 iliharibiwa na tetemeko la Oktoba 2004. Badala ya kubomolewa, wafinyanzi wakaijenga upya kwa kazi zao, jiko la udongo, beseni la kuogea, sahani, na mwaka 2006 ikafunguliwa kama nyumba ya sanaa yenye mgahawa. Wanaopika ni kina mama wa kijiji hichohicho, kwa mboga zao. Unakula kwenye sahani iliyofinyangwa na msanii, na aliyekupikia anakueleza mboga imetoka shamba gani. Kina mama hao wamekuwa wenye mji.

Ila niseme ukweli wote. Idadi ya watu huko bado inapungua. Sanaa haikurudisha vijana kwa maelfu. Imeleta wageni, imeleta wachache waliohamia, na imewapa wazee sababu ya kutunza mashamba ambayo yangeachwa. Kwa mtu wa huku hilo ni jambo kubwa. Kwetu vijana bado tunao, kwa hiyo tunaanzia mahali pazuri kuliko wao. Tusisubiri hadi shule zifungwe.

---

Kinu cha Mpunga

Msomi, asante kwa kutoficha upande wa pili. Sasa mimi niwe mtu wa vitendo. Pesa ya kuanzia inatoka wapi? Fundi wa ngoma hana hati ya nyumba ya kuweka rehani.

---

Afisa Mstaafu

Kinu, kuna ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo yake haina riba. Ilisimamishwa mwaka 2023 kwa matatizo mliyoyasikia, ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Katika utumishi wangu niliona vikundi vya kuku, vya bodaboda, vya sabuni. Cha wawamba ngoma au wasusi wa ukili sikumbuki kukiona kikipitishwa, na sababu mara nyingi ni kwamba hawakuomba. Wanadhani sanaa si biashara, na maafisa wanaowapokea wanadhani hivyohivyo.

Kikundi kijisajili kwa afisa maendeleo ya jamii, kiwe na katiba na akaunti, andiko lionyeshe wateja. Fundi wa Dunda amelitaja la muhimu: shule. Barua ya mkuu wa shule tatu nne kwamba zitanunua ngoma ni ushahidi wa soko kuliko picha za tamasha.

Na wale wa Chamwino, Dodoma, msilale. Tamasha la muziki wa Cigogo, yaani wa Wagogo, linafanyika hapo kwenu tangu 2009, vikundi vya vijijini vyenyewe ndivyo vinavyopanda kucheza, kina mama na ngoma zao za muheme. Sasa Ikulu iko mlangoni kwenu na wageni wa serikali wanapita kila wiki. Zawadi wanazopewa zinunuliwe kwa mafundi wa hapo, mazeze na vibuyu vya kweli vyenye jina la aliyevitengeneza.

---

Mwana wa Kisesa (mleta mada)

Wakuu, nimesoma yote na nimeandika pembeni.

Bi Mkunguni, la waliohama limenigusa. Bulabo ina Wasukuma waliotapakaa kuanzia Geita hadi Mbeya na Katavi, na hatuwaandikii hata ujumbe wa WhatsApp kwamba tarehe ni hii, njooni na watoto. Dada Mutumia, twiga umenikumbusha vile vijingoma vidogo vya kupamba meza ambavyo havilii. Nakubali, tusivitengeneze.

Mzee Afisa, swali kabla sijaenda kwa watu. Mzee wa ngoma niliyemtaja ana zaidi ya miaka sabini, na kundi la vijana lina masharti ya umri. Akiwa mwalimu tu wa kikundi bila kuwa mwanachama, andiko linapita?

---

Afisa Mstaafu

Linapita. Wanachama wawe vijana, yeye aandikwe mkufunzi na posho yake iwekwe wazi kwenye bajeti ya andiko, isifichwe kwenye "dharura". Jumatatu nenda kata, chukua orodha ya viambatisho inayotumika sasa, usitumie ya zamani. Ukiipata ibandike hapa, nitakusaidia kuandika.

---

Fundi wa Dunda

Na mkishaanza, mleteni kijana mmoja Bagamoyo akae na sisi msimu mmoja wa kukausha magogo. Malazi yapo. Aje na tezo yake.